Fundi Robo na Goti la Binti Yake

Huyu tunayemsindikiza leo, Jumamosi, tarehe 18 Novemba 2023, alizaliwa tarehe 9 Machi 1975 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao. Alikuwa mtoto wa tatu wa mlinzi wa kiwanda hicho na mama muuza mkaa. Alizaliwa mdogo sana, hata mkunga akashauri asipewe jina kwanza. Mama yake alimfunga kifuani kwa kitambaa akaendelea kupima mkaa. Mama huyo alipenda kusimulia kwamba mteja mmoja alimchungulia akamwuliza, "Na hicho kifuani nacho unauza?" Akamjibu, "Hiki kimeshachukuliwa."

Alianza darasa la kwanza mwaka 1982 na kumaliza la saba mwaka 1988. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kuandika. Akiwa darasa la sita, ufunguo wa ofisi ya mwalimu mkuu ulipotea, naye akalifungua kufuli kwa waya wa baiskeli mbele ya walimu wote. Mwalimu mkuu alimshukuru, kisha akamchapa, kwa sababu mtoto anayelifungua leo akiombwa atalifungua kesho bila kuombwa. Mwaka 1990 aliingia chuo cha ufundi, akasomea kazi ya vyuma kwa miaka miwili.

Mwaka 1992 aliajiriwa katika duka la kutengeneza cherehani, akakaa hapo miaka tisa. Mwaka 2001 alifungua karakana yake katika chumba cha mbele cha nyumba yake: meza moja, dirisha moja, na kiti kisicho na mgongo. Alitengeneza makufuli, fremu za miwani, vifungo vya mikoba na vyuma vya cherehani. Mtaa mzima ulimwita Robo, maana kila alipokaza kitu alikikaza kidogo, akakitazama, akasema, "Robo tu, kisije kikalia." Wako watu hapa leo wasiojua kwamba alikuwa na jina jingine.

Mwaka 2004 alirudi kutoka soko la vitu vikuukuu na jiliwa dogo la kubania vyuma, lililojaa kutu, lile la kufungwa ukingoni mwa meza, ambalo kichwa chake huzunguka juu ya kitako. Halikuzunguka wala kufunguka. Mkewe aliitazama ile pua yake iliyochomoza, akasema, "Nimekuagiza sabuni, umeniletea bata wa chuma." Alimloweka bata huyo katika mafuta, akawa anamgongagonga kwa nyundo ya mbao kila jioni. Siku shingo ilipokubali kugeuka alimwita mkewe aache jiko aje aone. Mkewe akaja, akaangalia. "Haya, nimeona bata anageuka. Na chakula kinaungua."

Lakini kazi zote nzuri alizozifanya baada ya hapo zilipita katika taya za Bata. Alizivisha taya hizo vipande vya ngozi ya mkanda ili zisikwaruze fremu ya mtu. Kitu kidogo kikishabanwa, hakupinda tena shingo yake mwenyewe kukizunguka. Alilegeza komeo la chini, akakigeuza kielekee dirishani, akakaza. Aliweza kukaa pale tangu asubuhi bila kuinuka, na mkewe alikuwa akipita mlangoni kuhakikisha tu kwamba bado anapumua.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1997. Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, na walikutana kwa sababu ya mguu wa cherehani uliopinda. Fundi aliutengeneza akaurudisha. Baada ya siku chache akaja kuuangalia kama umekaa sawa. Akaja tena. Mara ya nne kaka wa binti alimsimamisha mlangoni: "Samahani, fundi. Unatengeneza cherehani au unatengeneza shemeji?" Akasema, "Cherehani imepona." Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kiume mwaka 2000 na wa kike mwaka 2012.

Huyu wa kike alipata homa akiwa na miaka miwili. Homa iliondoka na nguvu za mguu wake wa kushoto. Hospitali walimpa chuma cha mguu: fito mbili, moja kila upande, zenye kiungo gotini, na juu ya kila kiungo pete ndogo. Mtoto akisimama, pete hushuka na kulifunga goti. Akitaka kukaa, huzipandisha kwa vidole. Nyuso za kiungo zikipishana hata kidogo, pete huning'inia bila kufunga, goti hukunjika, na mtoto huanguka kifudifudi. Alianguka mara nyingi. Mama yake alijifunza kusikiliza zile pete kutoka chumba chochote.

Mtoto alikua, chuma hakikukua. Karakana ya hospitali iliyotengeneza vile vyuma ikafungwa, na ile nyingine iko mbali, na foleni yake ni ya mwaka. Marehemu alikibana chuma cha zamani kwenye Bata, akakipima kila upande, akatengeneza kipya mwenyewe. Hospitali walikikagua wakasema kinafaa. Tangu siku hiyo kila binti alipokua alimkatia kingine. Alitengeneza vinne.

Mwezi Machi mwaka huu mkewe aliona mkanda wa mumewe umeingia tundu jipya, alilolitoboa kwa msumari bila kusema. Akamwambia, "Baba watoto, twende ukapimwe." Akasema baada ya kazi ya wiki hii. Mkewe huona mambo kabla hayajatokea, na watu wa nyumba yake humcheka kwa hilo, kwa sababu mara nyingi hayatokei. Safari hii macho ya mumewe yalikuwa yameanza kuwa ya manjano. Mwezi Aprili daktari aliwaambia ni saratani ya ini, imeshasambaa, na hakuwaficha kitu. Walipofika nyumbani marehemu aliingia karakana, akachukua kipimo, akamwita binti: "Njoo, Mama. Simama hapa."

Alikuwa ameamua kumtengenezea vyuma vya miaka yote iliyobaki, mpaka atakapoacha kukua. Alichukua vipimo vya kaka yake vilivyoandikwa kwenye mlango alipokuwa mdogo, akapiga hesabu. Aprili yote, Mei na Juni alikata na kupiga tupa. Tumbo lilivimba, mikono ikabaki mifupa. Aliposhindwa kukaa kwenye kile kiti aliomba mgongo uwekewe mto. Aliposhindwa hata hivyo, mkewe na mwanawe walimfunga Bata kwenye ubao mnene, wakauweka ubao juu ya magoti yake kitandani. Vumbi la chuma liliingia kwenye shuka na halikutoka tena. Kila jozi ya fito aliyoimaliza aliifunga kwa kitambaa na kuiweka sandukuni. Mkewe alikuwa akilala karibu na sanduku hilo na moyo wake umetulia kidogo kuhusu jambo hilo moja.

Mwezi Agosti binti alirefuka ghafla, wakatoa jozi ya kwanza. Kiungo kilikaa chini ya goti kwa upana wa kidole. Alipojaribu kukunja mguu, chuma kilimng'ata nyama akapiga kelele. Wakajaribu jozi ya pili. Ile ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mguu dhaifu haukui kama mwingine. Paja lilikuwa limekimbia na ugoko umebaki nyuma, na hakuna hesabu ya mlangoni iliyoweza kujua hilo. Marehemu alivitazama vile vyuma. Kisha akasema, "Nimemtengenezea mtoto mwingine."

Siku mbili hakula. Mkewe alidhani ndiyo mwisho. Siku ya tatu alimwita binti, akamwambia, "Leta hilo sanduku. Vyote hivi ni vya kuharibu. Kaa, uanze kuharibu."

Mkewe alisimama mlangoni. "Mtoto wa miaka kumi na moja na tupa? Atajikata."

"Atajikata," akakubali mumewe.

"Nifundishe mimi."

"Wewe uzi wenyewe siku hizi unaomba utungiwe. Na kaka yake yuko barabarani na lori. Mimi naondoka, Mama watoto. Na wewe siku moja utaondoka. Goti atabaki nalo yeye."

Mkewe akaenda jikoni akalia, akarudi na kitambaa cha kufungia vidole.

Ubao ukawekwa juu ya stuli kando ya kitanda, binti akakaa mbele ya Bata. Alimbana mpaka ngozi ya taya ikakatika. Akafundishwa kubana mpaka kitu kikatae kucheza, basi. Akabana kidole chake mwenyewe; mama yake akaruka, baba yake akamwambia, "Sasa hutamsahau." Akasukuma tupa mbele na kuivuta huku ameikandamiza, akafundishwa kuinyanyua inaporudi. Siku moja alitaka kufika upande wa pili wa kazi, akaanza kujikokota na gongo lake kuuzunguka ubao.

"Unakwenda wapi?" baba yake akauliza.

"Upande ule, Baba."

"Uende wewe kwa nini? Mgeuze Bata. Wewe kaa kama mwenye ofisi, kazi ikufuate."

Tangu hapo hakuinuka tena bila sababu. Alilegeza, akageuza, akakaza, akaendelea. Mama yake, aliyekuwa akihesabu vidole vya mtoto kila jioni kama vile vifaranga, aliona kwamba hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtoto huyu amelifanya bila mguu kumzuia, na hakusema, aliogopa kuliharibu.

Mwezi Oktoba chuma cha zamani kilimchimba kidonda pajani kikavuliwa kabisa. Akawa hana cha kusimamia ila gongo na mgongo wa mama yake. Hapo kujifunza kukaisha, kazi ikaanza. Fito walizipima juu ya mguu wenyewe, ulivyo sasa. Marehemu hakuweza tena kushika tupa, na macho hayakuona vizuri, kwa hiyo alisikiliza. Binti alishusha pete, yeye akasikiliza jinsi inavyoteleza.

"Bado."

"Inakwama wapi?"

"Ndani. Rudi."

Alirudishwa mara nyingi. Alilia, akatupa tupa chini, akaambiwa aiokote. Siku ile kiungo cha nje kilipofunga vizuri baba yake alisema, "Hicho hata mimi ningekipokea," na binti akacheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Jumanne, tarehe 14 Novemba, saa tatu asubuhi, binti alikuwa kwenye kiungo cha ndani. Alishusha pete. "Sasa?" Baba yake hakujibu. Akapiga tupa kidogo, akashusha tena. "Baba, sasa?" Mama yake alikuwa mlangoni na beseni la maji ya uvuguvugu, na aliona kabla ya mtoto. Hakupiga kelele. Aliliweka beseni chini taratibu, akaenda akaishika mikono yote miwili ya binti yake, na tupa ikiwa ndani.

Msiba ulipojaa watu, Jumatano, sauti ya tupa ilisikika tena kutoka chumba cha nyuma. Watu wakatazamana. Dada wa marehemu akamfuata mama wa mtoto. "Wifi, mwambie mtoto aache. Baba yake hajazikwa, yeye anapiga chuma. Watu wanasema."

Mama huyu maisha yake yote ameogopa watu wanavyosema. Akajibu, "Wanasemaje?"

"Wanasema hana uchungu."

"Mwache, wifi. Akiacha, Jumamosi atakwenda kumzika baba yake akiwa amebebwa mgongoni. Nimemwuliza. Amesema hataki."

Dada wa marehemu akaenda akaufunga mlango wa chumba kile, akakaa mbele yake na kiti, na aliyetaka kuingia alipitia kwake.

Alhamisi mchana pete ya ndani ilishuka. Kaka yake, aliyekuwa amefika kutoka safari, alishika nyundo na kupiga ribiti za kuunganisha fito, na mdogo wake akamwelekeza. Binti akasimama katikati ya viti viwili, mama yake akiwa amepiga magoti chini, mikono imekinga hewa. Goti halikukunjika. Ukweli usemwe: pete ya ndani inakwaruza kidogo inapofika chini, na baba yake angemrudisha. Hakuna tena wa kumrudisha. Itabidi awe anasikia mwenyewe.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto wawili, kaka mmoja, dada mmoja, wapwa, mashemeji, na wateja ambao kazi zao ziko rafuni zikiwa na karatasi za majina. Waje wazichukue, zilizokwisha na zisizokwisha.

Familia ina ombi moja. Kutoka nyumbani hadi kaburini binti yake atatembea kwa miguu yake, mbele, nyuma tu ya jeneza. Wabebaji waende polepole. Ninyi mlio nyuma yake msimharakishe, na msijitolee kumbeba. Akisimama, nanyi simameni. Atakuwa anasikiliza pete.

Mungu ampokee fundi wetu na ampe pumziko lenye amani.