Watafuta Ukoo wa Chumba cha Nyuma Wanaomba Ufunguo wa Stoo Namba Tatu

Mgeni rasmi, Mkuu wa Idara ya Kumbukumbu. Dada Mkutubi, mwenye nyumba wetu. Majirani mliokuja kwa ajili yetu, na ninyi mliokuja kwa ajili ya chai: nyote tunawasalimu, na chai ipo.

KARIBU CHUMBA CHA NYUMA

Mgeni rasmi, umetuheshimu. Tulikuandikia barua tano, na leo badala ya jibu umekuja mwenyewe. Jibu lenye miguu linashinda lenye muhuri.

Chumba hiki kilikuwa cha kutupia viti vibovu vya maktaba. Viti bado vipo. Wewe tumekupa kile kizima, ila tafadhali usiegemee upande wa kushoto. Kompyuta ni tatu, na ile ya dirishani haiwaki mpaka ipigwe kofi la mapenzi ubavuni. Intaneti ni ya maktaba, na kila tunachotumia humo ni cha bure. Neno bure utalisikia sana leo, utuvumilie. Bila hilo tusingefika popote.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki hakikuanzishwa na mkutano. Kilianzishwa na Mama Cherehani, yule pale mwenye miwani mbili, moja machoni, na nyingine kichwani ambayo anaitafuta tangu asubuhi.

Mama Cherehani ana miaka sitini na tisa. Alipokuwa na sita, mama yake alikwenda hospitali kujifungua na hakurudi. Aliyerudi ni baba, fundi mwashi, kabeba kitoto cha kike kisichojua hata kushika chupa. Siku ya tatu mkunga wa hospitali ile akaja nyumbani akasema, "Nipe nikulelee mpaka mambo yatulie." Baba akampa. Mambo hayakutulia. Mkunga akahamishwa kazi, barua zikakatika, baba naye akafuata njia ya mkewe. Mama Cherehani akabaki na kaka yake wa miaka kumi, na picha moja kichwani: shali ya njano iliyomfunika mtoto inatoka mlangoni.

Ameshona miaka hamsini. Anasema kila mteja akimletea kitambaa cha njano, mikono inamwuliza swali.

Siku moja akaingia maktaba kumsalimia Mkutubi akamwambia, "Naomba kitabu cha watu waliopotea."

"Hicho hatuna, mama. Lakini mtandaoni wapo watu wanatafuta ndugu zao, tena bure."

"Bure ya kweli, au bure ya kuanzia?"

"Ya kweli."

"Basi sogeza kiti. Kizima."

Alikuja peke yake Jumanne. Jumanne iliyofuata akamburuta kaka yake, Mzee Kinyozi, mwenye kibanda cha kunyolea ng'ambo ya barabara. Kinyozi akawaleta wateja wake, maana mtu akiwa na wembe shingoni mwako humkatalii jambo. Leo tuko kumi na wanne.

KAZI YETU NA MATUNDA YAKE

Mgeni rasmi, watu wanadhani kutafuta ukoo ni kubofya tu. Kazi inaanzia mdomoni. Unamkalisha shangazi, unamwuliza nani alimzaa nani, unaandika, hata akidanganya unaandika, kisha unamwuliza shangazi mwingine. Ukishapata majina na miaka, ndipo unaingia mtandaoni. Kuna mti wa ukoo wa pamoja, ambao dunia nzima inaupandia matawi na kila mtu anaruhusiwa kuongeza wa kwake. Kuna mahali watu wa kujitolea wanapopiga picha makaburi, jina kwa jina, hata yale yaliyomezwa na majani. Kuna magazeti ya zamani yaliyopigwa picha, na usidharau matangazo yake ya vifo, yana majina ya watoto, wakwe na mtaa waliokaa. Kuna vikundi vya kuulizana: unauliza ukalale, ukiamka mtu usiyemjua ameshakujibu.

Kwa njia hizo mlinzi wa shule amepata kaburi la babu yake, akalipalilia. Muuza mkaa na muuza vitunguu, waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mtaro wa maji machafu, tumewakuta babu zao ni tumbo moja. Mtaro bado wanaugombania, ila sasa wanaanza na shikamoo.

KOSA LETU

Risala nzuri huruka sehemu hii. Sisi tunaisoma, kwa sababu ndiyo iliyotuleta kwako.

Mti ule wa pamoja una adabu zake. Mtu aliye hai unamfunika, jina lake halionekani kwa wageni, ili matapeli wasimchezee. Anayeonekana na kila mtu ni marehemu tu. Sasa Mama Cherehani alikuwa ameshajaza tawi lao lote, na miezi minane ikapita kimya. Katibu wetu, ambaye ndiye anayesoma mbele yako na kwa hiyo anaomba usimtazame sana, akaona tatizo ni kwamba Mzee Kinyozi amefunikwa. Akamfunua. Alibofya "marehemu", akaweka tarehe ya Ijumaa iliyopita, akaenda kunywa chai.

Kabla Ijumaa nyingine haijafika, ujumbe ukaingia kutoka nchi ya mbali. Mama Cherehani aliusoma mwenyewe, pole pole, kidole kikifuata mstari:

"Poleni kwa msiba wa mjomba. Mama yangu alilelewa na mkunga. Mkunga kabla hajafa alimtajia jina moja tu, la kaka yake. Tumelitafuta jina hilo miaka kumi na moja. Tumelipata leo, na tumechelewa. Mama hali, halali."

Mama Cherehani hakulia. Alivua miwani akaifuta, akavaa, akasoma tena. Kisha akauliza, "Msiba wa mjomba yupi?"

Chumba kizima kikamtazama katibu.

Akavuka barabara na karatasi mkononi. Mzee Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. "Kaka," akamwambia, "kitinda mimba yuko hai. Ila wewe umekufa."

Kinyozi akaweka mashine chini. "Lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa niliwanyoa kumi na wawili," akasema, halafu akakaa kwenye kiti cha wateja, akafunika uso kwa taulo.

Siku ya tatu tukapata namba yao, tukapiga simu. Akapokea binti, yule mwandishi wa ujumbe.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mjomba wako."

"Mjomba yupi?"

"Yule marehemu."

Mgeni rasmi, mzaha ule ulikuwa wa furaha, na ndio uliotuponza. Simu ilikatwa. Baadaye likaja jibu ambalo Mama Cherehani amelikunja na kuliweka ndani ya mkoba wa sindano: "Mama yangu amelia siku tatu kwa ajili ya huyo kaka. Juzi amekufa, leo kafufuka, kesho mtaomba nauli. Msitupigie tena mpaka muwe na karatasi."

Binti yule hajakosea. Tungekuwa sisi tungesema hivyo hivyo. Tangu siku hiyo tuna sheria ukutani, inaitwa Sheria ya Kinyozi: hakuna anayeandikwa marehemu kabla ya kupigiwa simu. Mzee tumemrudisha hai mtini. Lakini dada yake hajarudi.

CHANGAMOTO

Karatasi wanayotaka ipo, na mahali ilipo tumepajua kupitia kwenu. Orodha ya vitabu vyote vya zamani mliiweka mtandaoni wenyewe, bure, na tunawashukuru kwa dhati. Inasema: vitabu vya vizazi vya hospitali, Stoo Namba Tatu, rafu ya chini, kitabu cha kumi na saba. Miaka ile mkunga akimchukua mtoto wa marehemu, alisaini ukurasa ule ule ulioandikwa jina la mama. Ukurasa mmoja, majina mawili, basi.

Stoo Namba Tatu imefungwa miaka minne. Paa lake linavuja upande wa nyuma. Ukichungulia tundu la dirisha unaona maji yamesimama sakafuni. Rafu ya chini, mgeni rasmi, ndiyo ya kwanza kuogelea. Mlangoni limebandikwa tangazo kwamba vitu chakavu vitaondolewa mwisho wa mwezi. Leo ni tarehe kumi na tisa.

Mama Cherehani amekwenda pale mara saba. Mlinzi, mtu muungwana, humpa kiti na jibu lile lile: "Mama, ufunguo uko kwa mkubwa."

"Mkubwa yupi?"

"Mkubwa mwenyewe."

Mgeni rasmi, mkubwa mwenyewe ni wewe. Kuna kaka wa miaka sabini na mitatu, dada wa sitini na tisa, na kitinda mimba wa sitini na mitatu mwenye moyo usiopenda mshtuko. Kati ya hao hakuna mwenye muda wa barua ya sita.

MAOMBI

Kwanza, vitabu vya Stoo Namba Tatu visiitwe chakavu. Kitabu kilicholowa ni mgonjwa, hakijawa maiti, na sisi katika kumwita mtu maiti mapema tumepata fundisho la kutosha.

Pili, turuhusu tuviokoe. Tumejifunza. Ukurasa uliolowa hatuulazimishi, tunaweka karatasi kavu katikati na kusubiri. Ukurasa mkavu tunaulaza chini ya kioo, taa huku na huku, tunapiga picha. Hakuna anayefungua ukurasa kwa mate. Mzee Kinyozi, ambaye tabia hiyo imemshinda, amepewa kazi ya kushika taa. Vya watu wa kale tutaviweka mtandaoni bure, ili mjukuu wa mtu yeyote, popote, avisome bila kumwomba mkubwa. Vya watu ambao huenda wako hai vitabaki kwako, tunaomba tu ndugu wa damu aonyeshwe ukurasa wake.

Tatu, ni ukurasa ule mmoja, na hilo haliwezi kungoja hayo mawili.

Tuseme kabisa ili lisije likaonekana la kushtukiza: kuanzia kesho saa mbili asubuhi Mama Cherehani atahamishia cherehani yake kwenye baraza ya Stoo Namba Tatu. Hatafanya fujo. Kazi za wateja hazingoji, atashonea pale. Sisi wengine tumejipanga zamu za kumpelekea uzi na maji. Mwenye suruali ya kupunguzwa ajue ndiko atampata. Siku stoo itakapofunguliwa, iwe kwa ufunguo au kwa hao wa kuondoa vitu chakavu, wa kwanza kumwona atakuwa yeye.

SHUKRANI NA ZAWADI

Desturi ni mgeni rasmi apewe kitu. Mama Cherehani amekushonea kimfuko. Ameomba tukwambie kitambaa amekichagua mwenyewe, na kwamba kabla ya hiki alikuwa hajawahi kujishonea wala kumpa mtu kitu cha rangi ya njano. Ni kidogo, hakitoshi simu, hakitoshi kalamu. Kinatosha ufunguo mmoja. Tunakukabidhi kikiwa kitupu, na tunajua utapenda kukirudisha mwenyewe.

Mungu akupe umri mrefu, akutunzie wanao na wajukuu. Na siku watakapokutafuta wao, miaka mingi ijayo, wakute kila ukurasa wako mkavu na kila mlango wazi.

Ni sisi,
Watafuta Ukoo wa Chumba cha Nyuma

Imesomwa na Katibu.
Imesainiwa na Mwenyekiti, Mzee Kinyozi, aliye hai.