Namba Moja kwa Kusahaulika

Kwenye basi la asubuhi, mbele ya kiti changu, fundi wa redieta na kijana mwenye tai walikuwa wakibishania kipindi cha magari cha kwenye televisheni. Hawakuwa wakijuana, lakini wapenzi wa magari hawahitaji kujuana, wanahitaji mtu wa kubishana naye tu.

"Jana wametaja magari kumi ya kusahaulika," alisema mwenye tai, "na lile la kijivu la milango minne limeshika namba moja. Haki yake kabisa, mzee wangu. Sura halina, mbio halina, hata mlio halina."

"Mlio linao," fundi akamkatiza. "Ukiingiza gia ya pili linakohoa kidogo. Hao watangazaji wako wanajua kuchoma matairi tu."

"Kwa hiyo kukohoa nako ni sifa?" Kijana alicheka, nami nikacheka chinichini, mimi nisiye na hata baiskeli.

Fundi hakucheka. "Baba alikuwa nalo. Alipofariki tukaliuza kwa jirani wa mtaa wa pili. Kila jioni jirani akivuka tuta la pale kwetu, linakohoa. Basi mama, ambaye siku hizi hata jina langu linampotea, anaacha kila kitu anakwenda kufungua geti."

Kijana alilegeza tai. "Si mumwombe huyo jirani apitie njia nyingine?"

"Tulimwomba, akakubali." Basi lilisimama kituoni, fundi akainuka. "Wiki nzima mama alishinda getini, anatuuliza kwa nini baba amechelewa."