Mkaguzi wa Mbwa Anaondoka Malaba

Ijumaa tarehe 30 Juni 1978, Bwana Silvano Ongodia anafunga kazi baada ya kuitumikia ofisi ya mifugo hapa mpakani kwa miaka thelathini na miwili. Kamati ya tafrija imetuomba sisi wenzake wa ofisini maneno ya furaha. Yaliyopo yatasemwa, yasiyokuwepo hayatabuniwa.

Alianza mwaka 1946 kwenye josho la ng'ombe karibu na kwao Amukura. Baadaye akapelekwa Budalang'i kuchanja mbwa. Mwaka mmoja mto Nzoia ulifurika, watu wakakimbilia juu ya tuta na mbwa wao, naye akawafuata kwa mtumbwi, sanduku la dawa mapajani. Alirudi na alama za meno mikono yote miwili, akituambia kwamba mbwa nao wamemchanja.

Mwaka 1974 alihamishiwa Malaba. Wenye maduka na maghala pande zote mbili za mpaka walikuwa wakitafuta mbwa wakali wa ulinzi, na watu wakaanza kuwazalisha uani kama kuku. Baraza likatunga sheria: asiye na kibali asiuze mbwa, na kibali kisitoke bila sahihi ya mkaguzi aliyefika mahali penyewe. Ongodia akaongeza lake. Huku kwetu ukienda kumwona mtoto mchanga, unamsalimu mama kwanza. Basi kila banda alilofika alikataa kutazama watoto wa mbwa walioogeshwa wakang'aa. Alisema tu, "Nimekuja kumwona mama." Akiletewa jike aliyekonda, anayezalishwa mfululizo bila kupumzika, kibali hakuna.

Wafugaji walicheka, kisha wakamtafutia dawa. Walichanga wakanunua jike mmoja mnene, wakawa wanamzungusha kwa mkokoteni kutoka ua mmoja hadi mwingine siku za ukaguzi. Mama wenyewe walifichwa nyuma ya nyumba. Juma hilo Ongodia alitia sahihi vibali vya mabanda mawili. Kwenye banda la tatu yule jike alimkimbilia, mkia ukicheza, akamlamba viatu.

"Ona, boss, hata mbwa wetu wanakupenda!" akasema mwenye banda.

"Huyu hanipendi, ananijua," Ongodia akamjibu. "Juzi alikuwa mama kwa jirani yako."

Soko zima lilicheka. Kicheko hakikudumu. Ongodia alidai vile vibali viwili virudishwe. Kimoja kilirudi. Cha pili, cha mfanyabiashara aitwaye Olinga, wakubwa waliagiza kisiguswe, eti serikali haiwezi kuonekana ikijikosoa. Nani aliwafundisha wakubwa hao kwamba kosa likipigwa muhuri linageuka kuwa haki?

Kabla ya mwaka kwisha, Roselida, mama anayeuza samaki wa Port Victoria, alinunua mtoto wa mbwa kwa Olinga baada ya kuonyeshwa kibali ukutani. Mbwa huyo alikuwa na kichaa. Alimuuma binti yake, Leonida, na ugonjwa ukamuua. Baada ya mazishi Roselida alikuja ofisini, akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Mzee, jina lako liko kwa ile karatasi," alimwambia Ongodia. "Mimi sikuamini Olinga. Niliamini jina lako."

Ongodia hakujitetea, ingawa angeweza. Siku hiyohiyo alikwenda na askari, akalifunga banda la Olinga, na safari hii hakuna mkubwa aliyethubutu kumzuia. Tangu hapo kila mwaka Olinga ameomba kibali kipya, na kila mwaka Ongodia amekwenda, ameomba kumwona mama, akarudi bila kutia sahihi. Ametishwa kwa uhamisho. Amenyimwa cheo. Anastaafu katika ngazi ileile aliyokuja nayo Malaba.

Wapo wanaosema kwamba sheria za mbwa ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba sisi tushughulike na watu kwanza. Leonida alikuwa nani?

Nafasi ya Ongodia haitajazwa. Kuanzia Julai, tumearifiwa, vibali vitatolewa ofisini bila mkaguzi kwenda bandani, ili kazi iende upesi. Itakwenda upesi kweli, maana mezani hakuna mbwa. Olinga ameshaomba tena. Wiki hii mafundi wamekuwa wakipaka chokaa kuta za banda lake.

Bwana Ongodia, tunakushukuru kwa kila safari uliyorudi bila kutia sahihi. Shamba lako la Amukura likuzalie, miguu yako ipone uchovu wa barabara ya Malaba, na wajukuu wakusumbue mpaka ucheke. Tungependa kukuambia uende nyumbani bila wasiwasi, lakini hatutaanza kukudanganya siku ya mwisho.

Jumatatu banda la Olinga litafunguliwa. Mwenye mtoto asiuamini muhuri wetu.