Mama Jumwa Mwinga na Daftari la Jicho la Kulia

Kabla mwili haujafika nyumbani, hapa Gazi ilikuwa imeshasemwa kwamba marehemu Mama Jumwa Mwinga ameuawa na gamba la kaa. Mama Rai, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyasema bombani: "Lile gamba walilomtia jichoni limepanda kichwani." Simtaji kwa ubaya, nimemwomba ruhusa, naye ameketi hapa. Lakini mumewe, Mzee Boga, anaumwa macho kama alivyoumwa marehemu, na kwa neno hilo ameapa kwamba kliniki hakanyagi tena. Kwa hiyo mimi Kahaso, mke wa Kombe, mwana wa marehemu, nitayasoma maisha ya marehemu pamoja na yale tuliyoyaficha.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1962 huko Ndavaya, mtoto wa tatu wa Mzee Mwinga na Mama Kache. Alianza shule mwaka 1970 na kuishia darasa la tano, ukame ulipowahamisha wazazi wake na mifugo. Kusoma alijua. Kuandika, alisema mkono wake ulikuwa mvivu.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hoteli moja Diani, na huko alifanya kazi miaka ishirini na minane. Kila shuka aliliinua mbele ya dirisha kabla ya kulikunja. Msimamizi wake, Johnstone, mtu wa bara, alichoka naye siku moja: "Mama, hiyo ni doa kidogo tu, mgeni hata hataona." Marehemu akamjibu, "Mgeni hataliona, baba. Na mimi niliyekwisha kuliona?" Shuka likarudi majini.

Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa kanisani Msambweni na Mzee Kalama Dzombo, fundi mwashi, aliyemtangulia mwaka 2009. Walijaliwa watoto watatu. Mimi niliingia nyumba hii mwaka 2022, na sikumbuki siku aliyonipandishia sauti.

Mwaka 2019 aliambiwa ana presha ya macho. Alipewa matone ya asubuhi na jioni, ila mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, na dawa nyingi ilimwagika shavuni. "Shavu langu sasa linaona mpaka Wasini," alituambia, nasi tukacheka, huku jicho la kushoto likizidi kufifia.

Januari mwaka huu kliniki ya macho ilitafuta watu kumi na wawili wa kujaribu lenzi laini, iliyotengenezwa kwa kitu kinachotolewa kwenye magamba ya kaa na kamba. Inakaa juu ya jicho usiku na mchana, ikitoa dawa kidogo kidogo. Muuguzi, Dada Concepta, alimweleza wazi: "Mama, bado hatuulizi kama inatibu. Tunauliza kwanza kama inadhuru."

"Basi mmempata mtafuta madoa," marehemu akasema.

Alivishwa lenzi ya jicho la kulia Jumatatu, tarehe 3 Februari. Kesho yake alimwita Mama Rai juu ya ukuta: "Kaa wa jichoni mwangu nawaona, jirani. Wanakusalimu." Mama Rai hakucheka.

Tulipewa daftari. Kila asubuhi alikaa mlangoni penye mwanga, mimi nikalitazama jicho na kuandika: wekundu, maumivu, machozi, ukungu. Siku ya tisa niliandika wekundu kidogo. Tuliagizwa kwamba tukiona wekundu tupige simu, na kwamba jichoni kusitiwe kitu chochote. Hatukupiga. Nilikuwa namnyonyesha mwanangu Lewis, wa miezi minne, na kwetu jicho likiwa jekundu hutiwa maziwa ya mama. Mama yangu alinitia, bibi alimtia mama. Mchana nilimwambia, "Mama, nikutie kidogo?" Aliinua uso. Nilimtia matone mawili, lenzi ikiwa ndani.

Jioni jicho lilikuwa jekundu kabisa na lina ukungu. Kesho yake, tarehe 12, Dada Concepta aliitoa lenzi. Akauliza, "Mama, kuna kitu chochote mlitia?" Marehemu alinitazama, nami nikatazama chini. Akasema, "Hapana, mwanangu." Aliona haya kutaja maziwa ya mke wa mwanawe. Wiki ile lenzi za watu wote kumi na wawili zikatolewa, jaribio likasimamishwa.

Jicho lilipona kwa siku sita. Yeye hakupona. Alikuwa akianza kula na kuacha, akitoka uani na kurudi. Aliniomba nimsomee daftari, nikifika siku ya tisa anasema, "Rudia hapo." Tukakubaliana twende kliniki Jumatatu, tarehe 3 Machi, tukaseme.

Hatukufika. Jumamosi, tarehe 1 Machi, saa tatu asubuhi, aliishiwa nguvu upande mmoja, akafariki saa tisa alasiri hospitalini Msambweni. Daktari alisema ni kiharusi. Presha ya damu alikuwa nayo tangu 2011. Tulimwuliza kuhusu lenzi. Alisema ilikwisha kutolewa siku kumi na saba kabla, naye haoni njia ambayo ingefika kichwani.

Marehemu ameacha watoto watatu, Kombe, Jemima na Seth. Mkaza mwana mmoja. Wajukuu wanne, mdogo akiwa Lewis. Na dada yake, Mama Veronicah wa Kombani.

Tunamwombea kwa Mungu mapumziko mema, ila yeye alitaka jambo moja litangulie. Ijumaa, siku moja kabla ya kufariki, tukichambua mchicha, aliniambia maneno haya, na kwa kuwa Dada Concepta yupo hapa na daftari ninalo mkononi, nayasema kama alivyoyasema:

"Kahaso mwanangu, Jumatatu haya zikinishika, sema wewe. Usiisafishe lenzi, wala usiipake uchafu usio wake. Waambie wekundu ulianza asubuhi, maziwa yakaja mchana. Na uyaandike, siku ya tisa, mahali pake, kwa mkono wako."