Faili Limerudi Nyumbani

ODESSA: Haloo? Nani mwenzangu? Kama unauza bima, mimi nimeshakufa.

DELMAR: Shikamoo, Mwalimu Odessa. Ni Delmar Stiles. Napiga kutoka ofisi ya haki za makazi, hapa manispaa.

ODESSA: Marahaba. Delmar yule wa darasa la tatu, aliyekuwa akila chaki?

DELMAR: Mara moja tu, Mwalimu.

ODESSA: Malalamiko yangu niliyapeleka Washington, kwa serikali kuu. Wewe yamekufikiaje?

DELMAR: Siku hizi Washington wanaturudishia mafaili sisi wa mjini. Wanasema sisi ndio tunaowajua watu wetu—

ODESSA: Hapo ndipo ninapoogopa.

DELMAR: Basi nieleze mwenyewe.

ODESSA: Nilikwenda kuona nyumba ya kupanga ya Haskett, ile isiyo na ngazi. Aliponiona na weusi wangu huu, akasema imeshapangishwa. Kesho yake Marlene, yule Mzungu wa kwaya yetu, akampigia simu. Akaambiwa ipo, aje hata leo.

DELMAR: [kalamu inaanguka]

ODESSA: Delmar? Ni mtandao, au umekula chaki tena?

DELMAR: [kwa sauti ya chini] Nipo. Haskett huyu... yule wa magorofa ya matofali mekundu?

ODESSA: Huyo huyo. Kwani mnajuana?

DELMAR: Kidogo.

ODESSA: Kidogo vipi? Mnasali pamo—

DELMAR: Nimepanga kwake, Mwalimu. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na wa kuurefusha ni yeye.

ODESSA: Ahaa. Ndiyo maana unanong'ona.

DELMAR: Ningempa mwenzangu hili faili, ila—

ODESSA: Mko wangapi hapo ofisini?

DELMAR: Mimi. Na kiyoyozi.

ODESSA: Mpe kiyoyozi. Pengine chenyewe hakijapanga kwa Haskett.

DELMAR: [anacheka]

ODESSA: Sasa sikutanii, mwanangu. Nina miaka sabini na moja. Nalala chumba cha chini ya ardhi kwa dada yangu, ngazi kumi na nne kupanda, kumi na nne kushuka, kwa magoti haya. Nyumba ile naitaka.

DELMAR: Najua. [mtandao unakwaruza] Mwalimu, huko chini kwa dada yako... pana chumba kingine?

ODESSA: Kipo. Bomba linavuja, na dada anakoroma mpaka chini kunasikika. Kwa nini?

DELMAR: Naja kesho saa nne niandike maelezo yako, utie saini. Barua kwa Haskett itatoka kesho hiyo hiyo, na jina langu chini yake.

ODESSA: Delmar.

DELMAR: Naam, Mwalimu.

ODESSA: Chaji yangu inaisha, simu inalia. Ukija, njoo na—

DELMAR: Na kalamu, najua.

ODESSA: Na ndoo, mwanangu. Ya hilo bomba.