Tuliishtaki Bahari Hapa Ndhiwa

Benchi letu liko sokoni Ndhiwa, nje ya kibanda cha Gordon, fundi redio tunayemwita Profesa. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa chungu, na sisi tulikuwa wachungu zaidi. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha kidogo ikakata. Mahindi ya mwenzetu Nicanor yalikauka yakiwa yamefika magotini tu, na ana watoto wa kulisha. Alikaa katikati yetu, kikombe mkononi.

Profesa alieleza alivyosikia redioni: upepo umesukuma maji ya joto ya Bahari ya Hindi mpaka Indonesia, upande wetu bahari imepoa, na ikipoa mawingu hayatufikii.

— Na hiyo joto hairudi, akaamua. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.

Machuki, muuza maharagwe, akasema upepo ni uongo mtupu. Ni meli za matajiri zinakokota hayo maji. Profesa akampiku: joto letu limeuzwa, na kuna wakubwa wamekula. Mwishowe tukakubaliana bahari ishtakiwe. Hata mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikauliza wakili gani anaweza hiyo kesi.

Gesare, mama wa Kisii aliyekuja kuuza ndizi sokoni kwetu kwa mara ya kwanza siku hiyo, alikuwa amesimama hapo akingoja kikombe.

— Hiyo redio ilisema lini?

— Kabla mvua ianze, Profesa akajibu. Ilisema itakuwa fupi, mtu apande na ile ya kwanza kabisa.

Gesare akamgeukia Nicanor.

— Na wewe ulipanda?

— Kwetu mama ndiye anaanza kutia mbegu, Nicanor akasema. Ukimtangulia, unaita chira, laana inaingia boma. Mama alikuwa matangani Karungu, kaka yake alikufa. Tukangoja. Haraka haraka haina baraka.

Hakuna aliyecheka. Mila hiyo tunaijua sote, na jinsi mvua ilivyokuwa ikipiga mabati wakati huo tunakumbuka pia. Inauma.

— Pole, ndugu yangu, Gesare akasema. Alirudi?

— Alirudi. Akapanda siku hiyo hiyo, na sisi nyuma yake. Mvua ilikuwa inaisha.

— Sasa mama yako atakula nini?

Profesa akashika bisibisi, akaanza kufungua redio iliyokuwa nzima. Machuki akaangalia barabara. Nicanor aliweka kikombe kwa benchi kikiwa bado kimejaa, akashika njia ya kwao.