Mama Kigoda na Ukweli Alionyimwa

Miaka haina kishindo. Huja mmoja mmoja kama wageni wenye adabu, na kila mmoja huondoka na kitu cha nyumbani. Ule wa 1961, tarehe 14 Machi, ulileta: alizaliwa marehemu, kitindamimba wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari ya bweni, akahitimu chuo cha tiba mwaka 1988.

Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa daktari wa kitengo cha dharura. Wengi waliletwa hapo wakijikunja kwa maumivu, wamekwisha kutibiwa vidonda vya tumbo kwingineko, kumbe ni saratani. Mzigo wa kumwambia hayo mtu asiyemjua, katikati ya kelele za machela, aliubeba yeye. Kila mara alivuta pazia, akaburuta kigoda, akaketi hadi macho yake yakawa chini ya macho ya mgonjwa, ndipo akasema. Wagonjwa wakamwita Mama Kigoda. Dereva mmoja wa lori alipokiona kigoda alipaza sauti: “Daktari, simama hivyo hivyo! Ukikaa wewe, mtu anagawa urithi.” Marehemu alicheka, akaketi, akamwambia kweli. Dereva yule aliwahi kupatana na nduguye kabla hajafa.

Tarehe 7 Desemba 1990 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili.

Juni mwaka huu alianguka kazini, akalazwa katika kitengo chake mwenyewe. Daktari kijana, ambaye marehemu alimfundisha kazi tangu mwanzo na kumwita mwanangu, aliiona picha ya tumbo lake: saratani ya kongosho, imekwisha kufika kwenye ini. Mume akamsihi afiche. Basi daktari akasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.

“Ni vijiwe vya nyongo tu, Mama. Utapona.”

Marehemu hakuidai picha, angemkaguaje kijana aliyemlea mwenyewe? Akaahirisha safari ya kwenda kwa mama yake mzazi, ajuza asiyeweza tena kusafiri. “Nikipona nakuja, Mama,” alimwambia kwa simu.

Septemba, nguvu zikiwa zimemwisha, alimwambia yule daktari: “Mbona siku hizi unanisemesha umesimama tu? Vuta kigoda.”

Akavuta, akaketi, akainamisha kichwa. Marehemu akaelewa.

“Tangu lini?”

“Tangu picha ya kwanza, Mama.”

“Tulikuonea huruma, mke wangu,” mume alidakia.

“Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Wagonjwa wangu, watu baki, niliwaambia. Ninyi, watu wangu, mmeninyima uso wa mama yangu. Nawasamehe, lakini msiuite upendo.”

Akaagiza maneno hayo yasomwe leo, yasipunguzwe. Alifariki dunia tarehe 3 Oktoba.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, kaka yake asomaye haya, na mama mzazi, ambaye hadi leo hajakitandua kitanda alichomtandikia.

Ee Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa siri na dhahiri, mkalishe mja wako katika makao ya kweli, pasipo pazia. Mshike mkono mama yake. Wahurumie mumewe na daktari wake, na jamaa yote uijalie ujasiri wa kuketi na kusema kweli. Alale salama kwako, usiyeficha ahadi.